Kupoteza si mpango

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, kwenye drafti ya NBA, ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, jina la Hasheem Thabeet lilisomwa la pili. Memphis Grizzlies walikuwa wamemchagua kijana wa Dar es Salaam, mrefu wa sentimeta 221, ambaye alianza kucheza kikapu akiwa amechelewa kuliko wenzake wengi, na Tanzania ikapata mchezaji wake wa kwanza wa NBA. Zamu ya tatu Oklahoma City wakamchukua James Harden. Stephen Curry alisubiri mpaka ya saba.

Tangu hapo mjadala wetu umekuwa mmoja: imekuwaje Thabeet asifike walikofika wale waliotajwa baada yake? Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo, akashushwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia vijana, na Februari 2011 akapelekwa Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis. Lakini lipo swali la pili, ambalo huulizwa mara chache, nalo lina faida zaidi kwa anayetaka kuelewa jinsi timu zinavyojengwa. Miezi miwili tu baada ya Thabeet kuondoka, Memphis ile ile, iliyoingia hatua ya mtoano ikiwa ya nane katika Kanda ya Magharibi, iliwang'oa San Antonio Spurs waliokuwa vinara wa kanda, michezo minne kwa miwili. Mwaka 2013 ilishinda michezo 56 na kufika fainali ya kanda. Hiyo ni timu iliyokuwa imeshinda michezo 22, kisha 22, kisha 24 kati ya 82 katika misimu mitatu iliyotangulia drafti ya 2009. Iliwezaje kuipoteza zamu ya pili na bado ikasimama?

Ilisimama kwa watu ambao hawakupigiwa makofi siku walipowasili. Marc Gasol alikuwa jina dogo ndani ya mabadilishano ya Februari 2008 yaliyompeleka kaka yake, Pau, Los Angeles Lakers. Alikuwa amechaguliwa wa 48 mwaka 2007 na wakati huo bado alikuwa akicheza Hispania. Memphis walilaumiwa Marekani nzima kwa biashara ile, lakini mwaka 2013 Marc alitangazwa mlinzi bora wa ligi. Zach Randolph aliletwa kutoka Clippers wiki chache baada ya drafti ya Thabeet. Sifa yake ya ukorofi ilikuwa imeshusha bei yake kiasi kwamba Memphis walimpata kwa kumtoa Quentin Richardson. Tony Allen alikuja 2010 akiwa mchezaji huru, mtu wa ulinzi asiye na shabaha ya mbali. Mchezesha timu wao alikuwa Mike Conley, ambaye kwa misimu kadhaa mashabiki walimwona hafai, na Novemba 2010, klabu ilipompa mkataba mpya wa miaka mitano wa takriban dola milioni 40, wengi walisema ni fedha zilizotupwa. Alikaa Memphis hadi 2019.

Kuhusu Thabeet mwenyewe, nadhani klabu ina sehemu yake ya lawama. Walimchagua senta ambaye bado alikuwa anajifunza mchezo, ilhali senta wao tayari alikuwa Gasol mwenye miaka 24. Dakika za kujifunzia zingetoka wapi? Alipewa kama 13 kwa mchezo. Kijana wa aina ile anahitaji kucheza na kukosea mbele ya kocha anayejua kwamba kukosea ni sehemu ya kazi. Memphis hawakuwa na nafasi hiyo, na hilo walilijua kabla jina lake halijasomwa.

Kwa hiyo hoja yangu katika uchambuzi huu ni moja. Timu iliyoporomoka huokolewa na uwezo wake wa kukuza wachezaji na wa kuona thamani yao kabla soko halijaiona. Namba ya zamu kwenye drafti hurahisisha kazi hiyo, lakini haiwezi kuifanya badala ya mtu.

Kwa msomaji aliyezoea soka inafaa kusema kwanza kwa nini timu za NBA hushawishika kupoteza. Ligi hii haina kushuka daraja. Klabu inayomaliza mkiani Ligi Kuu ya Tanzania hushuka, na pengine hupotea kabisa. Klabu inayomaliza mkiani NBA inabaki pale pale, mgawo wake wa fedha za televisheni haupungui, na juu ya hapo inapewa tunzo: kutangulizwa katika kuchagua vijana wapya. Mwaka 1984 tuhuma zilikuwa nzito kwamba baadhi ya klabu, Houston Rockets ikitajwa zaidi, zilipoteza makusudi ili zijiweke karibu na zamu ya kwanza. Houston waliipata na kumchukua Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Ndiyo maana kuanzia 1985 zamu za juu huamuliwa kwa bahati nasibu.

Bahati nasibu hiyo imebadilishwa mara kadhaa, na mabadiliko ya 2019 ndiyo yanayotuhusu zaidi. Kabla yake timu mbovu kuliko zote ilikuwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata zamu ya kwanza. Baada yake timu tatu za mwisho zilikuwa na asilimia 14 kila moja, na iliyo mbovu kuliko zote iliweza kuteremka hadi zamu ya tano. Uwezekano wa kuteremka huko ulikuwa karibu asilimia 48. Tangu 2019 hadi 2025, katika bahati nasibu saba, timu iliyomaliza na rekodi mbaya kuliko zote haikupata zamu ya kwanza hata mara moja. Detroit walimaliza mkiani 2023 na 2024 na miaka yote miwili wakapewa ya tano. Utah Jazz walishinda michezo 17 tu msimu wa 2024-25, nao wakapewa ya tano. Aliyeshinda mwaka huo alikuwa Dallas, timu iliyokuwa na asilimia 1.8 na iliyokuwa imekaribia kuingia mtoano.

Hata chini ya kanuni za zamani hapakuwa na uhakika. Memphis wenyewe walikuwa wa mwisho mwaka 2007, mwaka wa Greg Oden na Kevin Durant, wakateremka hadi ya nne. Hivyo ndivyo walivyompata Conley. Charlotte walishinda michezo 7 na kupoteza 59 katika msimu uliofupishwa wa 2011-12, asilimia ndogo ya ushindi kuliko ya timu yoyote katika historia ya NBA. Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi, alianza safari yake ya NBA ndani ya kikosi kile, akiwa na miaka 19. Mwisho wa mateso yote hayo zamu ya kwanza ilikwenda New Orleans, wakamchukua Anthony Davis. Charlotte wakabaki na ya pili.

Mtu anaweza kujibu kwamba mifano hii ni ya mikosi tu, na kwamba klabu yenye nidhamu ya kupoteza kwa miaka mingi mwishowe itapata. Philadelphia 76ers walilijaribu wazo hilo kwa ukamilifu kuliko klabu nyingine yoyote, kwa hiyo tuwatazame kwa makini.

Sam Hinkie alichukua uongozi wa kikosi cha Philadelphia mwaka 2013. Hesabu yake ilikuwa nyofu: ubingwa wa NBA huletwa na nyota wakubwa, nyota wakubwa wengi huchaguliwa mapema, na mji usio kivutio kwa wachezaji huru hauna njia nyingine ya kuwapata. Aliuza kila aliyekuwa na bei. Katika misimu mitatu timu ilishinda michezo 19, 18, halafu 10, yaani 47 kati ya 246. Na alipata alichokitafuta. Joel Embiid, kijana wa Cameroon aliyechaguliwa wa tatu 2014 akiwa majeruhi, alikaa misimu miwili bila kucheza, kisha akawa mchezaji bora wa NBA mwaka 2023. Anayesema mpango ule haukuzaa chochote hasemi kweli.

Ila ubingwa haukuja. Tangu Embiid avae jezi ile hadi 2025, Philadelphia hawakuvuka raundi ya pili ya mtoano. Sababu si majeraha yake peke yake. Hinkie alitumia drafti tatu mfululizo kuchukua masenta watatu: Nerlens Noel, Embiid, na Jahlil Okafor, wakati uwanjani kuna nafasi ya senta mmoja. Ni kosa lile lile la Memphis na Thabeet, safari hii limerudiwa. Noel na Okafor waliishia kuuzwa kwa bei ya kutupa, Okafor akiwa ni zamu ya tatu ya mwaka 2015. Tena mtu wa kwanza kuuzwa mwaka 2013 alikuwa Jrue Holiday, mchezesha timu mwenye miaka 23 aliyekuwa ametoka kuchaguliwa katika mchezo wa nyota wote. Holiday alitwaa ubingwa na Milwaukee 2021 na tena na Boston 2024. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyehitajika kuwaonyesha vijana wa Philadelphia jinsi ya kujilinda na kujitunza, na waliokuja baada yake walikuta chumba cha kuvalia kisicho na wakubwa.

Katika timu zile za Philadelphia alikuwepo pia T. J. McConnell, mchezesha timu mfupi ambaye hakuna klabu iliyomchagua kwenye drafti ya 2015. Walimchukua kwa sababu hakuwagharimu kitu. Miaka kumi baadaye McConnell alikuwa akicheza fainali ya NBA, lakini kwa jezi ya Indiana Pacers.

Fainali hiyo ya 2025, kati ya Indiana na Oklahoma City Thunder, inafundisha zaidi ya miaka yote ya mjadala kuhusu kupoteza makusudi. Vikosi vyote viwili vilichipuka kutoka kwa mchezaji mmoja, Paul George, na siku ya fainali hakuwepo katika timu yoyote kati ya hizo.

Indiana walimuuza George kwa Oklahoma City mwaka 2017, alipokwisha kuwaambia kwamba hatabaki. Walipewa Victor Oladipo na Domantas Sabonis, na wachambuzi wengi wakasema wameibiwa. Wote wawili wakawa wachezaji wa mchezo wa nyota wote. Februari 2022, timu ikiwa imechoka na haiendi mbele, Indiana walimtoa Sabonis kwa Sacramento Kings na kumchukua Tyrese Haliburton, ambaye alikuwa na miaka 21. Haliburton alichaguliwa wa 12 mwaka 2020. Sacramento walikuwa wamepita misimu mingi bila kuonja mtoano, wakataka kuingia upesi, na kweli waliingia 2023. Nawaelewa. Lakini walitoa kitu ambacho thamani yake ilikuwa ingali inapanda wakapokea kitu kilichokwisha kufika kileleni, na miaka mitatu baadaye aliyekuwa fainali ni Haliburton. Indiana hawakuwahi kukaa mkiani wakingoja zamu ya kwanza. Walikusanya Andrew Nembhard aliyechaguliwa wa 31, Aaron Nesmith ambaye Boston hawakumhitaji, na Januari 2024 wakalipa zamu tatu za raundi ya kwanza kumpata Pascal Siakam, Mcameroon ambaye mwenyewe alichaguliwa wa 27.

Oklahoma City nao walimuuza George huyo huyo kwa Clippers mwaka 2019, alipoomba kuondoka. Hapa inabidi kusimama kidogo, kwani ndiyo biashara bora ya kujenga timu ninayoifahamu. Clippers walikuwa wameambiwa kwamba Kawhi Leonard atakuja iwapo George atakuja, kwa hiyo muuzaji ndiye aliyekuwa na nguvu, na meneja mkuu Sam Presti aliitumia nguvu hiyo yote. Alipokea zamu tano za raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana zamu, Danilo Gallinari, na kijana aliyemaliza msimu wake wa kwanza tu, Shai Gilgeous-Alexander. Shai alikuwa amechaguliwa wa 11. Mojawapo ya zamu zile ilikuja kuwa Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Juni 2025 Shai alikuwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali, Williams akiwa msaidizi wake mkuu, na Oklahoma City mabingwa.

Husemwa kwamba Oklahoma City nao walipoteza makusudi. Ni kweli walishinda michezo 22 msimu wa 2020-21 na 24 msimu uliofuata, na Desemba 2, 2021 walifungwa na Memphis 152 kwa 79, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya ligi. Zamu ya pili ya 2022 iliwapa Chet Holmgren. Lakini tazama walichokuwa wakikifanya ndani ya misimu hiyo miwili mibaya. Kocha wao Mark Daigneault alikuwa ametoka kufundisha timu yao ya ligi ndogo, yaani alikuwa mwalimu wa vijana kabla ya kuwa kocha wa nyota. Lu Dort, beki ambaye hakuchaguliwa na klabu yoyote mwaka 2019, alifundishwa kurusha pointi tatu hadi mpinzani asiweze kumwacha peke yake. Aaron Wiggins alichaguliwa wa 55. Isaiah Joe aliachwa na Philadelphia mwaka 2022, Oklahoma City wakamwokota. Wote hao walicheza katika timu iliyoshinda michezo 68 msimu wa 2024-25. Msimu wa 2022-23, Holmgren akiwa nje mwaka mzima kwa jeraha la mguu, timu ilipanda hadi ushindi 40. Hawakumsubiri mwokozi ndipo waanze kushinda.

Kuna wanaoamini kwamba bila zamu za juu hakuna kujijenga. Hawa wawakumbuke Brooklyn Nets. Mwaka 2013 Brooklyn waliwapa Boston zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana ya 2017, ili wawapate Kevin Garnett na Paul Pierce wakiwa wamekaribia mwisho wa maisha yao ya mchezo. Boston wakavuna Jaylen Brown na, kwa kupitia mabadilishano mengine, Jayson Tatum. Brooklyn wakabaki na timu ya kushinda michezo 20 bila faida yoyote ya kupoteza. Meneja Sean Marks na kocha Kenny Atkinson, walioanza kazi 2016, hawakuwa na njia ila kufundisha. Joe Harris na Spencer Dinwiddie walikuwa wameachwa na timu zao. Caris LeVert alikuwa wa 20, Jarrett Allen wa 22. Msimu wa 2018-19 kikosi hicho kilishinda michezo 42 na kuingia mtoano. Kama timu isiyo na kitu mkononi iliweza, timu yenye zamu ya tano kila mwaka haina kisingizio.

Sasa fedha. Ukomo wa mishahara kwa msimu wa 2025-26 ulikuwa karibu dola milioni 155 kwa timu, na timu inaweza kuuvuka kwa njia maalumu, ikilipa kodi ya anasa na kunyang'anywa baadhi ya haki inapozidi viwango fulani. Mkataba wa pamoja wa wachezaji na ligi wa 2023 umekaza viwango hivyo. Timu inayovuka kiwango cha juu kabisa hairuhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa. Boston, mabingwa wa 2024, walilazimika kumwachia Holiday na Kristaps Porziņģis mwaka uliofuata, mzigo wa malipo ulipokuwa hauvumiliki.

Kwa timu dhaifu hii ni neema. Matajiri wanapolemewa, mwenye nafasi katika ukomo wake anaweza kupokea mchezaji mzuri na kulipwa kwa kumpokea. Detroit walimpokea Tim Hardaway Jr. kutoka Dallas majira ya joto ya 2024 na kupewa pia zamu tatu za raundi ya pili. Vilevile kijana wa raundi ya kwanza ya drafti hulipwa kwa jedwali lililopangwa na ligi kwa hadi miaka minne, kwa hiyo nyota anayekomaa ndani ya miaka hiyo ni rahisi kuliko thamani yake. Oklahoma City walitwaa kombe Williams na Holmgren wakiwa bado kwenye mikataba hiyo. Mwezi uliofuata klabu ilianza kuwasainisha mikataba minono. Anayemaliza miaka minne ya kijana wake akiwa bado anapoteza makusudi amekitupa kipindi cha bei nafuu.

Na wakati wa kuuza? Hapo Washington Wizards ni funzo chungu. Kwa miaka kadhaa Bradley Beal alikuwa mfungaji bora wa timu isiyokwenda popote. Mwaka 2022 walimpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 251, na ndani yake haki ya kukataa kuhamishwa. Mwaka mmoja baadaye uongozi mpya ulipoamua kuanza upya, Beal ndiye aliyechagua aende wapi. Akachagua Phoenix, na Phoenix hawakulazimika kutoa zamu hata moja ya moja kwa moja ya raundi ya kwanza, ila haki za kubadilishana zamu na zamu za raundi ya pili. Linganisha na kapu la Presti kwa George. Misimu miwili iliyofuata Washington walishinda michezo 15 na 18. Mchezaji huuzwa wakati moyo wa mashabiki bado unakataa; watakapokubali wote, wanunuzi nao watakuwa wamekwisha kujua.

Nimeacha Detroit kwa kusudi, maana hadithi yao ndiyo inayogusa sehemu ngumu zaidi. Msimu wa 2023-24 walipoteza michezo 28 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote ndani ya msimu mmoja, wakamaliza na ushindi 14. Hawakuwa na upungufu wa vipaji vya drafti: Cade Cunningham, wa kwanza 2021, Jaden Ivey, wa tano 2022, Ausar Thompson, wa tano 2023, Jalen Duren, wa 13. Walikuwa wamekosea pia, hasa 2020 walipomchukua Killian Hayes wa saba na kumwacha Haliburton apite. Tatizo kubwa ni kwamba walikuwa rundo la vijana wa miaka 20 na kitu, wasio na nafasi ya kupumua uwanjani kwa sababu karibu hakuna aliyeweza kufunga kwa mbali, na dakika za mwisho za mchezo zikifika hakuna aliyewahi kuziishi.

Majira ya joto ya 2024 Trajan Langdon alipokea uongozi, akamleta kocha J. B. Bickerstaff, na hakumuuza hata mmoja wa vijana wale. Aliongeza watu wazima. Tobias Harris, mwenye umri wa miaka 32, mtulivu. Hardaway. Malik Beasley, aliyefunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu huo. Hakuna nyota kati yao. Walichofanya ni kuufungua uwanja ili Cunningham apite, na kuonyesha kila siku mazoezini jinsi mtu anavyofanya kazi hii kwa miaka kumi na zaidi. Kutoka ushindi 14 timu ilifika 44, ikaingia mtoano na kuwapa New York Knicks michezo sita migumu. Houston walikuwa wamepita njia hiyo mwaka mmoja kabla. Baada ya misimu mitatu ya ushindi 17, 20 na 22, mwaka 2023 walimwajiri kocha Ime Udoka na kumlipa Fred VanVleet fedha nyingi kuliko uwezo wake wa kufunga ulivyostahili, watu wakashangaa. Mwaka wa kwanza walishinda michezo 41, wa pili 52. Na kijana bora waliyemvuna katika miaka ya kupoteza hakuwa Jalen Green, wa zamu ya pili. Alikuwa Alperen Şengün, wa zamu ya 16.

Kwa hiyo kama ningeulizwa na mmiliki wa timu iliyo mkiani leo, ningemwambia aanze na ukumbi wa mazoezi kabla ya orodha ya wachezaji: makocha wa kufundisha kurusha, madaktari, timu ya ligi ndogo inayocheza mfumo ule ule wa timu kubwa. Amuuze nyota wake angali na miaka miwili ya mkataba, na adai zamu za miaka ya mbali ambayo mnunuzi atakuwa amezeeka. Msimu mmoja mbaya avumilie, hata miwili. Asichague kijana kwa nafasi ambayo tayari ina mwenyewe, labda kama yuko tayari kumuuza huyo mwenyewe kesho yake. Mara atakapompata mmoja ambaye wapinzani wanamwekea walinzi wawili, kupoteza kukome siku hiyo hiyo, na fedha zitoke kwa ajili ya wakubwa wa kumzunguka, hata kama zamu ya mwaka ujao itashuka kutoka ya tatu hadi ya 11. Shai alikuwa wa 11.

Kisha ningemwambia habari ya uvumilivu wake yeye mwenyewe. Detroit walimpa kocha Monty Williams mkataba wa miaka sita wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 78 mwaka 2023, wakamfukuza baada ya msimu mmoja huku malipo yake yakiwa hayajaisha. Fedha zilikuwepo, maelewano juu ya kazi yenyewe hayakuwepo. Hinkie aliondoka Aprili 2016, wiki chache kabla Philadelphia hawajaipata zamu ya kwanza aliyoisubiri miaka mitatu, na waliokuja baada yake walicheza karata zao kwa namna tofauti kabisa: mwaka 2017 waliwaongezea Boston zamu nyingine ili wapande kumchukua Markelle Fultz wa kwanza, wakamwacha Tatum achukuliwe wa tatu. Presti aliajiriwa 2007, klabu ikiwa bado Seattle. Amempoteza Durant bila kulipwa kitu mwaka 2016, amewauza nyota wake Harden, Westbrook na George, amefungwa kwa tofauti ya pointi 73 usiku mmoja, na wakati wote huo hakuna aliyekigusa kiti chake.